Aliyegusa Sakafu

Wanaoisema vibaya nchi ya Wima hawajawahi kufika Wima. Hilo naliweka wazi kabla hamjaanza kunikodolea macho. Kiti sitaki, asante, nitasimulia nikiwa nimesimama. Watu wamekaa huko kwao, wamekunja nne, wanapuliza chai, wanasema eti Wima watu wanapigwa. Ala! Kwetu kupigwa ni ajira. Hebu nihesabieni nchi ambazo watu wake wanapigwa bure, halafu mje mniambie ni nani mwenye maendeleo.

Mimi naitwa Mpelembe, Mgumbo kwa baba na kwa mama, na kwa miaka mingi nilikuwa Msemaji Msaidizi wa Kiwanda cha Taifa cha Virungu. Msemaji mwenyewe hakuwa akisema. Kazi yake ilikuwa kuvaa tai na kukaa karibu na Mkurugenzi. Kusema nilisema mimi, kwa hiyo msiniulize haya nimeyatoa wapi.

Nchi nyingine zina kahawa, nyingine zina dhahabu. Sisi Mungu alitupa mti mmoja mgumu wa milimani, na polisi wa dunia nzima wanaupenda. Zamani virungu vyetu tulivijaribu kwa kupiga gunia la mchanga. Kisha mteja wetu mkubwa, nchi rafiki ambayo sitaitaja kwa sababu ina aibu, akaturudishia shehena nzima. Walilalamika kwamba raia wao wakipigwa kwa virungu vile hukimbia vizuri tu, lakini kesho yake wanarudi kuandamana. Mkurugenzi Sengo akaitisha kikao, akatoa maneno ambayo mpaka leo yamechongwa getini: "Gunia halina maoni." Siku ile ile Idara ya Ubora ikazaliwa.

Utaratibu wa Idara ni mwepesi. Kirungu kikitoka kukerezwa, Mpigaji anakishika na kumpiga nacho Mpokeaji mgongoni, kwa nguvu zote alizojaliwa. Karani wa Sauti, aliyekaa pembeni na penseli sikioni, anasikiliza. Mpokeaji akisema "Aa!", kirungu ni daraja la tatu, kinakwenda kwa walinzi wa maduka. Akisema "Mama yangu!", daraja la pili, kwa polisi wa kawaida. Akianza neno asilimalize, daraja la kwanza, kwa ajili ya wanafunzi. Na asiposema kitu kabisa, basi hicho ni Daraja la Nje, na kinaviringishwa kwenye karatasi laini kama tufaha la dukani.

Wapigaji walikuwa wanaume wa Kigumbo. Wapokeaji walikuwa wanawake wa Kisele. Msianze! Nafasi zilitangazwa kwa wote. Tangazo lilisema, "Anahitajika mwenye mgongo," na ikatokea tu kwamba waliofaulu usaili wote ni wanawake wa Kisele, kama ilivyotokea tu kwamba ukurugenzi umewaangukia Wagumbo tangu siku ya uhuru. Ni vipaji. Na afya ya kazini tuliijali sana. Wapigaji walikuwa wakiumwa mabega, masikini, hivyo walipewa maziwa, saa za kupumzika, na mtu wa kuwakanda kwa mafuta ya moto.

*

Basi mteja wetu mkubwa akaingiwa na dhamiri. Bunge lake likapitisha sheria kwamba raia wake hawatapigwa tena kwa kirungu kilichotengenezwa kwa uonevu. Likataka utafiti wa kisayansi, wenye nembo na kila kitu, unaothibitisha kwamba kiwandani kwetu afya ya mfanyakazi haitegemei jinsia wala kabila. Bila utafiti, hakuna biashara.

Waziri wetu wa Afya, Kazi, Wanawake na Makabila, Mheshimiwa Daktari Bakunja, hakubabaika hata kidogo. Alisema, "Tafuteni mtafiti mchanga. Mkomavu atakuja na maswali."

Kwetu Wima, Mtafiti Mchanga ni cheo. Unakula kiapo, unavishwa koti jeupe, unakabidhiwa hitimisho. Utafiti wenyewe unautafuta kwa njia zako, mradi ufikie pale pale. Ndivyo alivyotufikia Sikudhani, binti wa Kisele aliyetoka chuo kikuu juzi juzi, mikono ya koti imemzidi, na hitimisho limebandikwa kifuani: *Hakuna mfanyakazi aliyeumia.*

"Shikamoo, baba," akaniamkia getini.

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana. Uliza lolote, nimeshajibu."

Akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, lazima niseme. Nikampeleka moja kwa moja Idara ya Ubora, na mlango ulipofunguliwa kile kicheko kikakatika. Kwenye mstari wa Wapokeaji alisimama dada yake Nyamizi, mtoto wa mama yake mkubwa, aliyemlea tangu alipokuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Nyumbani Nyamizi alikuwa akisema anafanya kazi mapokezi.

Nyamizi hakuwa Mpokeaji hivi hivi. Alikuwa Sauti Kielelezo ya Taifa. Sauti za wanawake wengine zilipimwa kwa kulinganishwa na yake, na mwanamke akilia kwa kutia chumvi aliletwa kwake asikie kilio cha kweli kikoje. Nilijivunia sana kufanya kazi jengo moja na mtu kama yule.

Mpigaji akainua mkono, akashusha. Kilisikika kishindo cha mbao kwenye nyama, kisha kilio kilichokatikia njiani. "Daraja la kwanza," akasema Karani, akaandika. Damu ilichirizika kwenye gauni la Nyamizi ikashuka mpaka kisigino. Sikudhani akamkimbilia, akamshika mabega.

"Dada! Dada yangu, hebu lala chini kidogo, nikutazame."

"Asilale!" Mstari mzima ulipiga ukelele kwa pamoja, mpaka penseli ya Karani ikaanguka.

Hapo ndipo Sikudhani alipoona kwamba wanawake wale walikuwa wamefungana. Kila mmoja alipitishiwa kipande cha kanga makwapani, na ncha zake zimeshikwa na mwenzake wa kushoto na wa kulia. Ikabidi nimweleze. Mwasisi wa Taifa aliwahi kusema kwenye hotuba kwamba raia wa Wima hafanyi kazi amelala. Yeye, nadhani, alikuwa akimsema dereva wake. Lakini wanasheria wakaketi, wakaitengeneza, ikawa hivi: mfanyakazi atakayegusa sakafu kwa kiungo chochote kisicho unyayo atahesabiwa kuwa amejiuzulu kwa hiari yake, dakika chache kabla ya kugusa.

"Kwa nini kabla?" akauliza Sikudhani.

"Ili maumivu yamkute akiwa si wetu."

Na kwa kuwa si wetu, anakuwa mpita njia. Na mpita njia aliyekutwa ndani ya kiwanda cha serikali bila kibali ni jasusi, hata awe hajui kusoma bango la getini. Walinzi wana wajibu wao. Wapita njia wote tuliowapata mle ndani walitolewa kwa mlango wa nyuma, juu ya toroli la vumbi la mbao, na hakuna aliyeulizwa jina maana hakuna aliyekuwa na pumzi ya kulitaja.

*

Sikudhani alimwendea Mkurugenzi Sengo ofisini. Nilikuwepo, nimesimama nyuma ya pazia kama kawaida ya kazi yangu.

"Mkurugenzi, tangu Idara ianzishwe wameumia wafanyakazi wangapi?"

"Hakuna."

"Na wale waliotolewa kwa toroli?"

"Wapita njia."

"Walikuwa wanapita kwenda wapi, Mkurugenzi, ndani ya chumba kisicho na dirisha?"

Sengo akanitafuta kwa macho mpaka akaniona. "Mpelembe, huyu binti ana uhakika yeye ni mchanga?"

Nje ya ofisi binti akaegemea ukuta. Akaniambia, "Baba, mimi nataka sentensi moja tu. Wanawake hawa ni wafanyakazi wa kiwanda hiki, na wanaumia kazini. Nikifanikiwa kuisema mbele ya Balozi wa nchi mteja, hawatanunua tena, na dada yangu atatoka kwa mlango wa mbele, kwa miguu yake. Nikishindwa, atatoka kwa toroli. Unanielewa?"

"Ni sentensi ndefu mno," nikamshauri kitaalamu. "Ukiondoa 'wafanyakazi' na 'wanaumia' itapita vizuri."

Alinitazama vibaya. Mimi nilikuwa na nia njema kabisa.

*

Sasa sikilizeni muujiza. Asubuhi moja Mpigaji alimpiga Nyamizi, na Nyamizi hakutoa sauti. Karani akasubiri, akasafisha sikio, akaandika: Daraja la Nje. Kirungu cha pili kikaletwa, Nyamizi kimya. Cha tatu, kimya. Wapigaji wakatazamana. Wakaanza kupokezana kwa furaha, wakipiga kwa zamu, na kila kilichoshuka kilikuwa Daraja la Nje. Kufikia chakula cha mchana kiwanda kilikuwa kimeishiwa na karatasi laini. Mkurugenzi Sengo alitoka ofisini akacheza, mzee mzima, na mimi nikapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Tulidhani ni kazi ya dawa mpya ya kupaka mbao.

Sikudhani peke yake hakucheza. Alilaza sikio kwenye kifua cha dada yake, akasikia kitu ndani kinapiga mluzi.

"Ubavu umevunjika, umeingia kwenye pafu!" akapiga kelele. "Hanyamazi kwa sababu kirungu ni kizuri. Ananyamaza kwa sababu hana pumzi ya kulilia! Andika hivyo!"

"Dada," Karani akamjibu kwa adabu, "mimi ni Karani wa Sauti. Pumzi si idara yangu."

Sikudhani akaenda kuomba ruhusa Nyamizi atoke. Sengo alicheka mpaka akajishika tumbo. Sauti Kielelezo atoke siku ambayo kiwanda kiko kileleni, na Waziri keshapigiwa simu anakuja na Balozi kusherehekea? Aliporudi, Nyamizi alikuwa ananing'inia kwenye kanga, vidole vya miguu ndivyo vinavyogusa chini, midomo imekuwa ya kijivu. Alikuwa akijaribu kusema. Wote tukasogea.

"Mdogo wangu," akasema, neno moja kwa pumzi moja, "usiwaache... waniite... mpita njia. Nilikuwa... nakuja kazini... kila siku."

Nilitoka nje kidogo kutazama maua ya kiwanda. Yalikuwa yamestawi sana mwaka ule.

*

Sherehe ilifana. Kulikuwa na bendi, kulikuwa na keki yenye umbo la kirungu. Mheshimiwa Bakunja alihutubia kwa muda mrefu.

"Mheshimiwa Balozi," alisema, "kuna nchi ambako mwanamke hana sauti. Hapa Wima sauti ya mwanamke inasikilizwa na karani wa kudumu! Kuna nchi ambako kabila dogo linasukumwa pembeni. Hapa kwetu kabila la Wasele tumelipa idara nzima, na wengine hawaruhusiwi hata kuigusa! Leo hii mtafiti wetu mchanga, yeye mwenyewe mwanamke, yeye mwenyewe Msele, atasoma hitimisho lake."

Makofi. Sikudhani akasimama kando ya Nyamizi, ambaye alikuwa ameshikiliwa wima na kanga za wenzake wawili, amevishwa shada la maua shingoni. Walinzi walikuwa karibu, virungu vipya mkononi. Binti akapiga moyo konde.

"Mheshimiwa Waziri, kabla sijasoma, sayansi inadai tulinganishe. Kirungu hiki hiki kimempiga mwanamke wa Kisele, akanyamaza. Naomba kimpige mwanamume wa Kigumbo. Akinyamaza naye, basi ni ubora wa kirungu. Akilia, basi huyu dada ananyamaza kwa sababu nyingine, na naomba Balozi asikie ni sababu gani."

"Ni haki kabisa," akasema Balozi, mtu mpole mwenye miwani. "Kwetu tunapenda sana kulinganisha."

Bakunja akaganda na tabasamu usoni. Akatupa macho huku na huku. Mkurugenzi alikuwa amejificha nyuma ya keki. Wapigaji walikuwa na vyeti vya mabega. Macho yakazunguka, yakatua kwangu.

"Mpelembe," akasema, "taifa linakuita."

Jamani. Miaka yote ile nilikuwa nimekieleza kirungu kwa wageni, urefu wake, uzito wake, umaridadi wake. Sikuwahi kukisikia kikija. Kwanza husikii upepo, husikii kitu. Halafu mgongo wote unakuwa mdomo. Nilisema "Aa!", nikasema "Mama yangu!", nikaanza neno jingine nisilimalize, nikamtukana Mwasisi wa Taifa na wazazi wake wote wawili, yote kwa pumzi moja, na Karani akachanganyikiwa asijue aandike daraja gani. Nikaiona sakafu inakuja, safi, imepigwa deki kwa ajili ya wageni, na mbele yangu walinzi wakishika vizuri virungu vyao.

Sikufika chini. Mikono miwili ilinidaka kwapani, ikanirudisha juu. Ilikuwa mikono ya Nyamizi. Nadhani hakufikiri. Pale kwenye mstari ukimwona mtu anakwenda chini unamdaka, ndiyo kazi waliyofundishana wenyewe. Ila ili anifikie alichomoka kwenye kanga zake, na nilipokuwa nimesimama sawasawa yeye hakuwa na mtu wa kumshika. Alianguka kwa upande, taratibu, shavu likagusa sakafu na maua yake shingoni.

"Amejiuzulu," akasema Mkurugenzi kutoka nyuma ya keki.

Walinzi wakaja. Sikudhani akajitupa juu ya dada yake, koti jeupe limetanda juu yao wote wawili, akaanza kuisema ile sentensi yake kwa sauti ambayo hata bendi iliisikia: "Wanawake hawa ni wafanyakazi wa kiwanda hiki, na wana..." Hapo kirungu kilimkuta taya, nikasikia mfupa unalia kama kuni kavu. Wakaendelea. Walipiga koti mpaka likaacha kuwa jeupe, wakamburuta binti pembeni kwa nywele, wakaendelea na Nyamizi. Virungu vyenyewe vilikuwa Daraja la Nje, na safari hii ilikuwa kweli. Hakuna aliyetoa sauti, si mpigwaji wala sisi tuliosimama. Mimi nilikuwa nimesimama. Nataka mlijue hilo, nilikuwa na miguu miwili mizima aliyonirudishia yeye, na sikuisogeza hata hatua.

Waziri Bakunja ndiye aliyeokoa shughuli. "Mheshimiwa Balozi, umejionea!" akasema, akifuta kiatu kwa leso. "Mwanamume wa Kigumbo amelia kama mtoto. Mwanamke wa Kisele hakusema kitu mpaka alipojiuzulu. Sayansi imethibitisha kwamba kazi hii ni yao kwa maumbile. Na katika purukushani yote hii, swali ni lile lile: ameumia mfanyakazi yeyote?"

Balozi akatazama huku na huku kwa makini. Wapita njia wawili tu. Akatia sahihi, akakatiwa keki.

*

Nyamizi alitolewa kwa mlango wa nyuma, juu ya toroli. Sikudhani alipona, kwa kiasi. Taya lake limefungwa waya. Waziri alimfuata hospitali akambandika nishani ya Mtafiti Mkomavu kwenye shuka, akawaambia waandishi wa habari kwamba ukomavu wa mtafiti unaonekana pale anapoacha kuropoka. Utafiti umechapishwa, una nembo, una jina lake, na unafundishwa vyuoni.

Mimi nilihamishwa. Nchi mteja ilifurahi sana, ila ikaomba Idara ya Ubora iwe na usawa kidogo wa jinsia na kabila. Na kwa kuwa kuna tusi moja nililolisema hadharani ambalo Mwasisi hajalisahau, usawa wenyewe ni mimi. Wapokeaji wote ni wanawake wa Kisele, na Mpelembe. Siku ya kwanza nilijua wataniacha nianguke, na ningekuwa wao ningeniacha. Mama mmoja akanipitishia kanga kwapani bila kuniangalia usoni, akafunga fundo, akasema, "Simama vizuri, baba. Miguu iachanishe." Nililia kabla sijapigwa.

Niliposhushiwa kirungu cha kwanza sikusema "Aa!" wala sikumwita mama yangu. Nilipiga kelele, "Nyamizi!"

Karani alikwama. Neno hilo halikuwa na daraja. Akaenda kwa Mkurugenzi, Mkurugenzi akafikiri, akaamua ni daraja jipya, kati ya la kwanza na la Nje. Basi kila siku naita jina lile, siku hizi na wenzangu wanaliita, na kila kirungu kilichoitiwa kinachongwa kwa herufi kubwa kwenye kichwa chake: NYAMIZI. Kimependwa vibaya mno. Tatizo dogo lililojitokeza ni kwamba herufi zinabaki kwenye ngozi. Raia wa nchi mteja wanarudi nyumbani kutoka maandamanoni na jina mgongoni, wake zao wanalisoma wakiwakanda kwa maji ya moto, na nasikia wameanza kuulizana.

Ndiyo sababu juzi Balozi alikuja tena, na miwani yake. Alisimama mbele ya mstari wetu.

"Watu wetu wanauliza," akasema, "Nyamizi ni nani?"

"Ni aina ya mti, Mheshimiwa," akasema Mkurugenzi haraka. "Unaota milimani."

Mimi kazi yangu maisha yangu yote ilikuwa kusema, na nimesema mengi. Nikavuta pumzi hadi pale ilipofika.

"Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hiki," nikasema, "na aliumia kazini."

Sengo akampa Mpigaji ishara, mkono ukapanda juu. Mama wa kushoto akaikaza kanga, na wa kulia akaikaza, nikaisema tena sentensi yote, kwa sauti kubwa zaidi, kabla kirungu hakijashuka.